Kushika Usukani wa Mashua ya Mbio katika Ghuba ya Winam

Katika mashua ya makasia manane, wavutaji wote huketi wakitazama nyuma. Wanaona walikotoka, hawaoni waendako. Mshika usukani ndiye peke yake anayeona maji yaliyo mbele, na timu nzima inamtegemea kwa njia na kwa neno. Anayeanza kazi hii huharibu yote mawili kwa kuzidisha: hugeuza usukani mno, halafu husema mno. Maelezo haya yanahusu hasa mashua za wanane na za wanne zenye makasia marefu, lakini anayeongoza timu ya makafi kwenye mashua ya mbao pale Dunga au Usoma, fuo za Kisumu kwenye Ziwa Victoria, atapata mengi ya kumfaa.

Jambo la uzito wa mshika usukani tulimalize mapema, maana linawatesa vijana bure. Kanuni za World Rowing, shirikisho la dunia la mbio za makasia, zinataka mshika usukani asipungue kilo 55. Akipungua, anabeba mzigo wa kujazia, usiozidi kilo 15. Kwa hiyo mwenye kilo 50 anayejinyima chakula ili afike 47 hapati faida yoyote kwenye mashindano ya kanuni hizo. Anapoteza sauti na umakini tu. Tena tangu 2017 si lazima mshika usukani awe wa jinsia moja na timu. Kwenye Olimpiki ya Tokyo wanawake wanane wa New Zealand walipata medali ya fedha wakiongozwa na mwanamume, Caleb Shepherd. Chagueni mwenye macho, sauti na utulivu.

Mashua ikiwa bado nchi kavu

Kagua kwa mkono, si kwa macho peke yake. Shika usukani uuzungushe pande zote mbili uone kama unakwama. Fuata kamba zake kutoka mkononi mwako hadi mwisho ukitafuta nyuzi zilizochakaa. Vuta kamba ya kulia huku mwenzako akitazama: ncha ya nyuma ya usukani ikielekea kulia, mashua itaenda kulia. Mashua nyingine kamba zake zimefungwa kinyume, na ni heri ulijue hilo ufuoni kuliko kulijulia mbele ya wavu wa mtu. Tikisa pezi lililo chini ya mashua. Kaza vifuniko vya vyumba vya hewa, omoni (mbele) na tezini (nyuma); hivyo ndivyo vitakavyoielesha mashua ikijaa maji. Hakikisha kipira cha kwenye ncha ya omo kipo na hakijalegea. Mwisho angalia kamba fupi zinazoshika visigino vya viatu vilivyofungwa ndani ya mashua. Bila hizo, mashua ikipinduka mguu unaweza kubaki ndani ya kiatu.

Mashua ya wanane kwa kanuni haipungui kilo 96, yaani kama kilo 12 kwa kila mtu, basi shida si uzito bali ni urefu, karibu mita 17 au 18. Wewe simama mahali unapoona ncha zote mbili. Amri ya kubeba ina sehemu mbili, ya kuandaa na ya kutenda: "Mikono kwenye mashua… inueni!" "Hadi mabegani… sasa!" Usiunganishe sehemu hizo. Ukisema kwa mkupuo mmoja, nusu ya watu watainua kabla ya wengine, na mashua nyembamba hupasuka hivyohivyo.

Fuo nyingi za Kisumu hazina gati la kushushia mashua hizi, kwa hiyo timu itaingia majini hadi magotini. Pezi lisiguse mchanga wala jiwe hata mara moja. Na kwa kuwa kingo za ghuba hii zina konokono wanaobeba kichocho, wekeni utaratibu wa timu nzima kupimwa kliniki kila baada ya muda. Dawa yake, prazikwanteli, inajulikana na inafanya kazi.

Pande, nambari na amri

Mkono wako wa kulia ni mkono wa kushoto wa anayekutazama. Ndiyo maana "kulia" na "kushoto" huleta fujo ndani ya mashua. Tumieni rangi: upande wa kushoto wa mashua ikielekea mbele ni nyekundu, wa kulia ni kijani. Fungeni utepe wa rangi hiyo kwenye kila kasia. Nambari huanzia omoni: wa kwanza kabisa mbele ni 1, na anayekutazama usoni ni 8, ambaye wote humfuata mpigo.

Amri ziwe chache na zisifanane kwa sauti. Kwenye timu yenye Wajaluo, Waluhya na Wakisii, kila mtu ana maneno yake matamu, lakini chagueni lugha moja kwa amri za usalama na msiibadilishe. Hizi zinatosha kwa kuanzia: "Tayari… piga" kwa kuanza, "Acha… sasa" kwa kusimamisha makasia juu ya maji, "Shika maji!" kwa kuzamisha mabapa ya makasia na kuifunga mashua papo hapo; "Rudisha" kwa kupiga kinyume. "Shika maji" haina sehemu ya kuandaa, kwa sababu ni ya hatari. Ifanyeni kila siku ya mazoezi hadi iwe tabia ya mwili. Kwa mwendo wa mazoezi wa mita 4 kwa sekunde, kizimba cha samaki kilicho mita 100 mbele mtakifikia kwa sekunde 25, na mashua haisimami pale unapofungua kinywa.

Huenda wewe ni wa miaka 16 na namba 8 ni mtu wa umri wa baba yako. Majini hakuna "tafadhali" wala "mzee"; amri hutolewa kavu na kila mmoja anaelewa hivyo. Heshima zote zinarudi mkishafika ufuoni, na ni vizuri mwalimu aliseme hilo wazi siku ya kwanza ili kijana asinong'one pale anapotakiwa kupaza sauti.

Kuongoza

Usukani wa mashua hizi ni mdogo, wakati mwingine hauzidi kiganja, nayo mashua ni ndefu. Ukigeuza sasa, jibu linakuja baada ya mpigo mmoja au miwili. Mgeni haoni jibu, anaongeza, kisha mashua inageuka kuliko alivyotaka, anarudisha upande wa pili, na njia nzima inakuwa ya nyoka. Kila kona ni mita za ziada, na usukani uliogeuzwa hukokota maji kama breki.

Geuza kidogo, ngoja mipigo miwili, tazama, ndipo uamue. Rudisha usukani katikati kabla omo haijafika unapotaka, maana itaendelea kugeuka yenyewe kidogo. Geuza wakati mabapa yako ndani ya maji yakivutwa. Hapo makasia yanaishikilia mashua wima. Ukigeuza wakati wavutaji wanarudi kuelekea tezini kuanza mpigo mpya, makasia yakiwa hewani, mashua inalalia upande mmoja na mpigo unaofuata unaharibika kwa watu wote wanane. Kona kubwa usiifanye kwa usukani peke yake: agiza upande mmoja uongeze nguvu na mwingine upunguze.

Ili uende moja kwa moja, chukua alama mbili zilizopangana, moja ya karibu na moja ya mbali. Kutoka Dunga asubuhi isiyo na ukungu, kilele cha Mlima Homa ng'ambo ya ghuba ni alama nzuri ya mbali. Ya karibu iwe boya au mti wa ufuoni, si mashua ya mvuvi, kwa kuwa nayo inasogea. Alama zikiachana, upepo unakusukuma. Elekeza omo kidogo upande upepo unakotoka, na uache hivyo badala ya kurekebisha kila mpigo.

Keti kimya pia. Miguu ikanyage imara, kiwiliwili kisiyumbe na mpigo. Mshika usukani anayeinama ili aone vizuri huwasumbua wenzake kuliko mawimbi.

Maji yenyewe

Upepo wa asubuhi hapa hutoka nchi kavu kuelekea ziwani na huwa hafifu. Joto likipanda hugeuka, na alasiri hutoka kusini-magharibi ukileta mawimbi mafupi yanayofuatana. Mashua ya mbio ina kingo za chini. Mawimbi ambayo mashua ya uvuvi haiyajali yataijaza. Fanyeni mazoezi kati ya mapambazuko na saa tatu asubuhi, na anzeni kwa kwenda dhidi ya upepo ili mrudi nao mkiwa mmechoka. Ukiona mstari mweusi juu ya maji unakujia, huo ni upepo: geuza mapema. Radi ikisikika, rudini nchi kavu bila mjadala.

Lakini msitoke gizani. Viboko hula nchi kavu usiku na hurudi majini alfajiri, na njia yao ni palepale kwenye mafunjo na maji mafupi. Ngojeni mwanga kamili, takriban saa kumi na mbili na nusu, na mkae mbali na mafunjo. Mkimwona kiboko akizama, msidhani ameondoka.

Gugumaji husafiri na upepo. Ufuo ulio wazi mkitoka unaweza kuwa umefungwa mkirudi, kwa hiyo chagua mapema mahali pa pili pa kutua. Likinasa kwenye pezi utalihisi: mashua inakuwa nzito ghafla na usukani haujibu vizuri. Simamisha, weka usukani katikati, shika kamba kwa nguvu, kisha agiza mipigo mitatu au minne ya kurudi nyuma. Usiruhusu usukani ujigeuze wakati wa kurudi nyuma. Maji huupinda na kuuvunja. Nyavu nazo hutambulikana kwa mistari ya chupa za plastiki zinazoelea. Zizunguke zote, usipite katikati. Kabla ya kuzoea eneo, pita ofisi ya BMU (kamati ya wavuvi inayosimamia ufuo) ya ufuo huo uwaulize wazee wa uvuvi nyavu zimetegwa wapi na vizimba viko wapi. Watakuambia kwa moyo mmoja, na watawatambua mkipata shida.

Mashua ikipinduka, kila mtu anabaki ameishika, hata kama ufuo unaonekana karibu. Agiza wahesabu kutoka omoni, 1 hadi 8, kwa sauti, wewe mwenyewe umalizie. Jaketi la kuokoa maisha mshika usukani avae kila mara. Ila kwenye mashua ya wanne ambayo unalala omoni, lisiwe la kujaza hewa lenyewe likiguswa na maji, kwa sababu litavimba ukiwa bado ndani na kukubana. Liwe la kuvuta kamba ukishatoka. Zoezi la kutoka katika nafasi hiyo lifanywe kwenye maji ya kifuani, kocha akiwa kando.

Neno

Mpigo una pima yake. Hesabu sekunde za mipigo mitatu, kisha gawa 180 kwa jibu: sekunde 9 ni mipigo 20 kwa dakika, sekunde 6 ni 30, sekunde 5 ni 36. Stopwochi ya kawaida inatosha ikiwa hamna kifaa cha kupaza sauti chenye kipimo ndani yake. Bila kifaa hicho, upepo huwanyima wa mbele sauti yako. Mteue nambari 4 apokeze amri zako kwa walio mbele.

Mabadiliko yoyote yatangulize mipigo miwili: "Baada ya mbili, ongeza… moja… mbili… sasa!" Kila hesabu ianguke pale mabapa yanapoingia majini. Neno likichelewa nusu mpigo, wanane watalifuata kwa nyakati nane tofauti.

Sema unachokiona na ambacho mtu anaweza kukirekebisha. "Vuteni!" haina habari ndani yake. "Sita, unachelewa kuingia" inayo. Mashua ikilalia kijani: "Kijani, inueni mikono, nyekundu, shusheni." Ukihisi mashua inashtuka kwa kishindo kila mara makasia yanapokaribia kuingia, wavutaji wanakimbilia tezini juu ya viti vyao vinavyoteleza; agiza warudi taratibu huku nguvu ya kuvuta ikibaki ileile. Tazama pia vidimbwi vinavyoachwa na makasia: kasia la 8 likiingia mbele ya kidimbwi alichoacha nambari 2 kwenye mpigo uliotangulia, mashua inakimbia vizuri. Likiingia nyuma yake, kuna nguvu inayopotea.

Kwenye mbio za mita 2,000, wape ukweli. Mko nyuma kwa urefu wa viti vitatu, sema vitatu. Ukidanganya mara moja na nambari 8 akaona mashua ya jirani kwa jicho la pembeni, hawatakuamini zitakapobaki mita 250, na hapo ndipo neno lako lina kazi kubwa kuliko yote. Matusi hayaongezi kasi. Yanakaza mabega, na bega lililokazwa huchelewesha kasia.

Weka simu ndani ya mfuko usioingiza maji, irekodi sauti yako safari nzima, uisikilize jioni ukiwa na kalamu. Weka alama kila neno lililobadilisha kitu na kila neno lililojaza kimya tu. Mara moja kwa wiki ongoza kipande cha dakika kumi kwa amri za usalama pekee, kisha waulize wavutaji walikosa nini. Majibu yao ndiyo orodha ya maneno ya kubaki nayo wiki inayofuata.