Farasi 470 za kwenye karatasi: ninavyozipima Arusha

Mzee mmoja aliniletea Jeep Grand Cherokee SRT8 ya mwaka 2012 gereji kwangu, Unga Limited, akiwa na kipeperushi cha mauzo mkononi. "Shikamoo mzee." "Marahaba. Kijana wangu, hapa wameandika farasi 470. Mbona naachwa na Land Cruiser kwenye mlima wa Ngaramtoni? Nimeuziwa injini iliyobadilishwa?"

Swali hilo naulizwa sana, hasa na watu walioagiza magari yao kwa jasho la miaka. Kabla ya kumlaumu aliyekuuzia, pima. Huhitaji dainamomita, ile mashine ya kupimia nguvu za gari. Unahitaji simu, kifaa cha kusomea kompyuta ya gari, mizani na mahali pa faragha palipo tambarare.

Kwanza jua namba ilipimwaje. Zamani Wamarekani walipima injini ikiwa uchi mezani: haina altaneta wala ea klina, na egzosi iko wazi. Kuanzia magari ya mwaka 1972 walihamia kwenye kipimo cha injini iliyovaa vifaa vyake vyote. Cadillac Eldorado ya lita 8.2 ilishuka kwenye karatasi kutoka 365 mwaka 1971 hadi 235 mwaka uliofuata, na injini ni ileile. Kwa hiyo ukiona gari la Kimarekani la miaka ya sitini limeandikwa 400, usililinganishe na la leo. Kuna pia kampuni zilizokosea kweli. Ford Mustang SVT Cobra ya 1999 ilitangazwa 320, wenye magari wakapima wakakuta pungufu, na Ford wakalazimika kuyarudisha kuyarekebisha. Tangu 2005 kuna utaratibu wa SAE, chama cha wahandisi wa magari cha Marekani, ambapo shahidi wa nje husimamia kipimo, ila kampuni hujiunga kwa hiari. Ukisoma karatasi ya Japani au Ulaya, angalia kama imeandikwa PS, yaani farasi za kipimo cha metriki ambazo ni ndogo kidogo, maana 470 za Kimarekani ni kama 477 za PS.

Hata namba ya kweli imepimwa kwenye krenki, shafti inayotoa nguvu kwenye injini, si kwenye matairi. Giaboksi, difu na propela shafti hula sehemu yake. Mafundi tunakadiria asilimia 15 kwa gari linalosukuma nyuma tu, na 18 hivi kwa linalovuta miguu yote minne kama Jeep hii. Halafu kuna hewa. Kipimo cha SAE husahihishwa kwa hewa kavu ya kilopaskali 99 na joto la nyuzi 25. Arusha tuko kama mita 1,400 juu ya bahari, hatuna hewa hiyo.

Hapa ndipo napenda kumwonyesha mteja kwa macho yake. Chomeka kifaa chini ya usukani, washa swichi bila kuwasha injini, kisha soma sensa ya presha ya manifoldi, bomba linaloingiza hewa kwenye injini. Injini ikiwa imelala, sensa hiyo inasoma hewa ya mahali ulipo. Kwenye simu ya mzee ilitokea kilopaskali 86. Gawanya 86 kwa 99 unapata 0.87. Farasi 470 zimekuwa 409 kabla hata hajatoka getini. Je, injini yenye tabo, pampu inayosukuma hewa ndani, huumia zaidi ya hapo? Hapana, huumia kidogo kuliko hii, kwa sababu tabo hufidia hewa iliyopungua.

Sasa kipimo chenyewe. Tulipima uzito kwenye mizani ya malori ya mfanyabiashara wa nafaka, sisi wawili tukiwa ndani: kilo 2,450. Usikisie uzito, hesabu yote inasimama juu yake. Kisha tukaenda kwenye barabara ya lami ndani ya shamba moja upande wa Kisongo, kwa ruhusa ya msimamizi, na mtu akisimama kila mwisho kuzuia pikipiki. Usifanye jambo hili barabara kuu. Nakuomba sana.

Funga gia ya pili ili isibadilike katikati, nenda taratibu, kanyaga mafuta hadi mwisho, na uache programu ya GPS ihesabu sekunde kutoka kilomita 60 hadi 100 kwa saa. Rudia mara tatu kila upande, uchukue wastani, ili mteremko na upepo vifutane. Sisi tulipata sekunde 3.9.

Geuza mwendo kuwa mita kwa sekunde kwa kugawa kwa 3.6: 16.7 na 27.8. Kila moja izidishe kwa yenyewe, toa ndogo kwenye kubwa, inabaki kama 494. Zidisha kwa nusu ya uzito, 1,225, kisha gawa kwa sekunde. Ni wati 155,000. Gawa kwa 746: farasi 208. Ongeza kama 30 za upepo, msuguano wa matairi na vyuma vinavyozunguka, unafika 238.

Mzee alishika kichwa. Nikamwambia subiri, 470 hupatikana injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, na sisi tumepima kati ya kama 3,300 na 5,500. Katikati pale, kwenye 4,300, msokoto wa kiwanda, yaani nguvu ya kuzungusha (torque), unatoa farasi 380. Mara 0.87 ya hewa, mara 0.82 baada ya kutoa ile asilimia 18 ya giaboksi na difu, tunatarajia 270. Kwa hiyo zilizopotea kweli ni kama 30, si 230.

Nikarudia mbio moja nikitazama presha ya manifoldi. Mafuta yakiwa yamekanyagwa hadi mwisho, inapaswa kukaribia 86. Ilikwama 78. Kitu kinaziba njia ya hewa. Tulipofungua ea klina, karatasi ilikuwa nyekundu kama tofali kwa vumbi la Simanjiro, na mikunjo imeshikana kama kurasa zilizoloa. Tukaweka mpya, presha ikapanda hadi 84, muda ukashuka hadi 3.5. Piga hesabu mwenyewe utaona 232, ukiongeza 30 unakaribia kabisa zile 270. Injini ya mzee ni ileile iliyotoka kiwandani, na nguvu zake zipo.

Wiki mbili baadaye alikuwa na safari ya Moshi, akapima tena kwenye mashamba ya miwa kule chini, karibu mita 700, palepale mchana kwenye joto kali. Alinipigia kabla hajateremka garini: "Fundi, simu inasoma 93, na muda ni 3.3."