Fyuzi ya Mzinga Kwenye Sanduku la Babu: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuigusa

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipiganwa Tanga mwaka 1914, delta ya Rufiji mwaka 1915, na Salaita karibu na Taveta Februari 1916. Wazee waliookota vitu huko wakaviweka. Sasa mzee hayupo, sanduku limekuangukia wewe. Ukikuta humo kitu kizito cha shaba chenye umbo la pia, kimezungukwa na pete zenye mistari na tarakimu, huenda ni fyuzi: kile kichwa kinachofungwa kwenye ncha ya kombora la mzinga ili liripuke kwa wakati uliopangwa au linapogonga.

Kiache hapo hapo. Watoe watoto chumbani, kisha mkanye yule mjomba anayetaka king'ae. Mtu akiona shaba imeota kutu ya kijani hukimbilia ndimu na majivu, na hapo ndipo balaa lilipo. Kusugua hutikisa na kuzungusha pete, na juu ya hayo hufuta maandishi yale yale unayoyatafuta. Ndani ya pete mna njia ya baruti, na chini yake fataki inayoshtuka kwa kugongwa. Miaka mia haiviui vitu hivyo. Kemikali zilizokaa na shaba muda huo wote zinaweza hata kuwa nyepesi zaidi kushtuka.

Utambuzi basi ni wa macho na kamera tu. Simama mbali kidogo, vuta picha karibu kwa simu, piga upande unaoonekana. Usiigeuze ili uone upande wa pili. Ya Waingereza mara nyingi ina namba ya aina, kwa mfano 80, toleo kwa tarakimu za Kirumi, herufi za kiwanda, na mwezi na mwaka kama 7/16. Ya Wajerumani inaweza kuandikwa “Dopp. Z.”, yaani hufanya kazi kwa muda uliopangwa na kwa kugonga pia. Umbo peke yake lisikudanganye: namba 80 ilitokana na usanifu wa Krupp, kampuni ya Kijerumani, ambao Waingereza walipewa leseni ya kuutumia kabla ya vita, na vita vilipokwisha Krupp ikadai malipo yake. Za pande mbili zinafanana kama ndugu.

Hata ukiisoma vizuri, namba inakwambia kitu ni nini, haikwambii kama ni tupu. Kauli ya “babu alishaitoa baruti” si ushahidi, wala tundu lililotobolewa si ushahidi. Kama fyuzi bado imekaa kwenye kombora, tokeni nyumbani wote kwanza, picha baadaye.

Kisha piga simu polisi, 999 au 112 Kenya, 112 Tanzania, ueleze ulichokiona na uwaonyeshe picha. Wao ndio watawaita wataalamu wa mabomu. Usiifunge kwenye mfuko ukapanda nayo bodaboda kwenda kituoni, maana ukishaibeba umeihatarisha njia nzima.

Wataalamu wakisema ni salama, waombe wakuandikie, iwe utaibakisha nyumbani au utaipeleka makumbusho. Karatasi hiyo iweke pamoja na picha zako, na fyuzi yenyewe usiifungashe kamwe kwenye mzigo wa ndege: mkaguzi wa uwanja ataona fyuzi, hatasoma barua.