Somo: Hedhi imekata, presha ipo, unataka kuanza mazoezi

Mama zangu na dada zangu, wengi wetu tukitembea wiki mbili tu kidonge kinawekwa kabatini eti jasho limetosha. Hapana jamani. Hedhi ikikata homoni iliyokuwa inalainisha mishipa inapungua, mishipa inakakamaa, chumvi nayo inatupandisha kirahisi kuliko zamani, kwahiyo kidonge na miguu vyote vinahitajika.

1. Pima kwanza. Kaa kimya dakika 5, mgongo umeegemea, mkono usawa wa moyo. Ukikuta namba ya juu ni 180 kwenda mbele au namba ya chini ni 110 kwenda mbele, leo hakuna mazoezi, nenda ukaonwe.

2. Jua unameza nini, hapa ndo penye kazi. Atenololi inauzuia moyo usikimbie, sasa wewe unahesabu mapigo unaona bado 90 unazidi kukazana mpaka unadondoka. Achana na mapigo, tumia mdomo: uweze kuongea ila kuimba kukushinde. Vidonge vya kukojosha vinatoa maji, na jua la huku Mwanza unalijua, beba chupa. Amlodipini inaweza kuvimbisha miguu, usilaumu raba, mwambie daktari.

3. Tembea dakika 10, ongeza taratibu mpaka 30, siku 5 kwa wiki. Anza tambarare. Mimi kwa ujuaji wangu nilianza na mlima wa mawe wa Mabatini, watoto wa shule wakanipita nimekaa njiani kama gunia la dagaa.

4. Usisimame ghafla. Malizia polepole dakika 5, la sivyo damu inabaki miguuni, kizunguzungu hicho.

MASWALI

Mama wa Igoma: Nimeze kabla ya kutembea au baada?
Jibu: Saa ileile uliyopangiwa. Ukiona kizunguzungu muulize daktari kama muda ubadilishwe, usijihamishie mwenyewe.

Dada wa Nyakato: Kupandisha ndoo ya maji mlimani si mazoezi?
Jibu: Ni mazoezi shoga, ila usibane pumzi wakati wa kuinua, presha inaruka. Toa pumzi ndo unyanyue.

Bibi wa Kirumba: Mwezi wa tatu huu nasoma 126/78, si nimepona?
Jibu: Shikamoo bibi. Hiyo namba imeletwa na kidonge pamoja na miguu. Daktari anaweza kupunguza dozi, ila atenololi ukiikata ghafla moyo unaweza kukugeuka vibaya.

Bibi wa Kirumba: Marahaba. Na kayabo, wale samaki wa chumvi, je?
Jibu: Bibi, ile chumvi yote! Kula dagaa wa juani wasiotiwa chumvi. Ukishindwa kabisa, loweka usiku kucha, maji mwaga, na isiwe kila wiki.