Namna ya Kujibu Lawama za Ubaguzi Katika Umoja wa Wanafunzi wa Kike

Umoja wenu wa wasichana chuoni, uwe Mlimani au Chang'ombe jijini Dar es Salaam, ukituhumiwa hadharani kwamba huchagua wanachama kwa dini, kabila au uwezo wa wazazi, msikimbilie kuandika taarifa ya kukanusha. Anzeni na daftari la maombi: ni nani waliokataliwa, walikataliwa na nani, na kwa sababu gani? Pasipokuwa na sababu iliyoandikwa, lawama hiyo tayari ina mashiko.

Chunguzeni pia mkono wa wanachama wa zamani, kwa kuwa aghalabu ndiko tatizo linakojificha. Mwaka 2013, gazeti la wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Alabama, Marekani, lilifichua kwamba wahitimu waliokuwa wanachama wa umoja wa wasichana wa huko walikuwa wameingilia kati ili msichana mweusi mwenye sifa zote asipokelewe katika umoja huo, na ni baada ya malalamiko ya nchi nzima ndipo usajili ulipofunguliwa upya na wasichana weusi kadhaa wakapokelewa.

Kisha rekebisheni masharti: ada ilipwe kwa awamu, ili anayesubiri fedha za Bodi ya Mikopo asiachwe nje, na vikao visigongane na swala ya Ijumaa wala ibada ya Jumapili (Wasabato nao, ambao husahaulika kila mara, wana Jumamosi yao). Picha zenye sura mchanganyiko, huku uongozi ukiwa wa kundi moja, ni mapambo tu.

Jibu la hadharani liwe fupi, litaje kilichobadilishwa na tarehe ya kuanza kutumika, nalo lisainiwe na mwenyekiti mwenyewe.