Kuotesha mtini kwa vipande: ziba juu, acha chini wazi

Mtini huota kwa urahisi kuliko miti mingi ya matunda, na bado vipande vingi vinavyokatwa hapa Moshi huishia kukauka au kuoza. Kipande hakina mizizi, kwa hiyo hakinywi. Kinaishi kwa maji na chakula kilichobaki ndani ya mti wake. Kazi yetu ni kuzuia maji hayo yasitoroke juu, na uozo usiingie chini.

Usihangaike na mbegu, maana mche wake haufanani na mama. Kata kwenye mti ambao umeshaona ukiivisha matunda huku kwetu. Tini za aina ya Smyrna haziivi bila nyigu wake maalumu wa kuzichavusha, kwa hiyo mti unaoivisha vizuri uani kwa jirani ni ushahidi tosha.

Mimi napenda mwisho wa Agosti, baridi ikianza kuachia na macho, yaani vile vitumba vya kuchipulia, hayajavimba. Arusha iko juu zaidi, wenzetu wa huko wasubiri Septemba. Wakati wa masika acha kabisa, ukungu utakushinda.

Hatua ya 1: Kukata. Chagua tawi lililokomaa, si lile la kijani, lenye unene wa penseli au kidole. Futa mkasi kwa spiriti. Kila kipande kiwe na urefu wa sentimita 20 hivi na macho manne au zaidi. Chini kata mshazari, karibu kabisa na fundo. Juu kata bapa, sentimita 2 juu ya jicho. Kwa mikato hiyo hutapanda kichwa chini. Vaa glovu: utomvu mweupe ukikaa kwenye ngozi kisha ukapigwa jua, huunguza na kutoa malengelenge. Ufute, uache mikato ikauke.

Hatua ya 2: Kuziba. Hapa ndipo pa kutulia. Tafuta nta ya nyuki kwa wauza asali. Mshumaa wa kawaida nao unafaa. Weka nta kwenye kopo dogo ndani ya sufuria ya maji moto, kamwe si juu ya moto moja kwa moja. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 63 hivi za Selsiasi. Ikishayeyuka epua, subiri ianze kuganda pembeni mwa kopo, kisha chovya ncha ya juu sentimita 1 tu na utoe hapohapo. Nta ya moto sana huunguza mti mpaka kwenye jicho la juu, na ndilo tunalolitegemea.

Chini usizibe kama unapanda leo. Ncha zote mbili huzibwa pale vipande vinaposafiri, tuseme unamtumia ndugu Dar kwa basi, au unapovihifadhi. Vifunge kwa gazeti lenye unyevu kidogo, ndani ya mfuko, uweke sehemu ya chini ya friji. Vitakaa wiki kadhaa. Siku ya kupanda, kata upya ncha ya chini uiondoe nta.

Hatua ya 3: Kupanda. Usitumie udongo uliootesha nyanya, una minyoo fundo, vijinyoo vinavyovimbisha mizizi, na mtini hauiwezi. Changanya mchanga mnene wa mto na pumba za mpunga zilizochomwa zikawa nyeusi, nusu kwa nusu. Pumba hazikosekani kwenye mashine za kukoboa za Moshi. Samadi bado. Loanisha mpaka ukikamua kwa ngumi maji yasidondoke.

Kata shingo ya chupa ya maji ya lita 1.5, toboa kitako, fukia kipande uache macho mawili nje. Zungushia kitambaa cheusi, weka kivulini penye joto.

Hatua ya 4: Kusubiri. Majani yatatangulia, nayo hudanganya: yanakula akiba ya kipande, mizizi huenda haijatoka. Usikivute kuchungulia; fungua kitambaa utazame kupitia chupa. Inua chupa kila baada ya siku chache, na umwagilie kidogo ikiwa nyepesi tu. Kwenye joto zuri mizizi huonekana baada ya wiki tatu hadi sita.

Mizizi ikienea pembeni na kuanza kugeuka kahawia, hamishia kwenye kiriba chenye mboji bila kuvunja donge. Siku za kwanza mpe jua la asubuhi peke yake.