Namna ya Kumsaidia Mlezi Anayepokea Fedha za Inua Jamii Kupata Kazi Mombasa

Afisa wa ustawi wa jamii anayeketi na mlezi wa mayatima huko Likoni amuulize kwanza siku yake inavyokwenda, tangu alfajiri hadi watoto walale, kisha ndipo amuulize anaijua kazi gani. Shilingi 2,000 kwa mwezi za Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwapa fedha wasiojiweza, hazikimu nyumba, lakini mlezi amekwisha kuzizoea, na hofu ya kuzipoteza akionekana kazini humfunga mdomo. Mweleze kanuni zilivyo, wala usimwahidi jambo ambalo hujalithibitisha ofisini.

Kisha pigeni hesabu ya njia pamoja. Kivuko hakimtozi aendaye kwa miguu, ila akishavuka atalipa matatu hadi viwandani Changamwe au hotelini Nyali, na anayeingia zamu ya asubuhi huondoka kabla watoto hawajaamka. Kwa maoni yangu, kibarua cha Mtongwe, upande uleule wa Likoni, chenye ujira mdogo humfaa zaidi mama asiye na wa kumwachia watoto. Hoteli nazo huajiri kwa msimu: Disemba huhitaji watu wengi, masika yakiingia huwapunguza, kwa hiyo uliza mkataba unaishia lini.

Kuhusu karatasi, hakikisheni kitambulisho na PIN ya KRA, yaani namba ya mlipa kodi, vipo. Cheti cha tabia njema kina ada, basi asikilipie kabla mwajiri hajakitaka. Atakayeshika chakula atahitaji pia kupimwa afya. Fundi cherehani aliyejifunza mtaani, bila chuo, aelekezwe NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, afanye mtihani wa ufundi, maana ujuzi wake usioandikwa popote haumsaidii mbele ya mwajiri asiyemfahamu.

Nenda mwenyewe ukaonane na msimamizi wa kazi, lakini usimtajie kwamba huyu hupokea msaada isipokuwa mwenyewe ameridhia. Heshima hiyo ni haki yake.

Akishaajiriwa, usilifunge faili. Kati ya siku ya kwanza na mshahara wa kwanza kuna wiki nne za nauli, na hapo ndipo mtu mwenye bidii huweza kukwama. Kibarua wa siku, kwa Sheria ya Ajira ya 2007, hulipwa siku inapokwisha. Kwa aliyeajiriwa kwa mwezi, mwombe mwajiri ampe sehemu ya mshahara mapema, nawe umpigie mlezi simu Ijumaa ya kwanza kujua kama Jumatatu atafika.