Jinsi ya Kuchukua Maji ya Kisima kwa Vipimo vya Urani, Radiamu na Metali Nzito

Anayechunguza maji ya ardhini katika nyanda kavu za Bahi na Manyoni, katikati ya Tanzania, ambako urani imelala karibu na uso wa ardhi, hana budi kuzingatia kwamba mtambo wa maabara hupima kile tu kilichomo ndani ya chupa. Kwa hiyo kazi ya kisimani ndiyo inayostahili uangalifu mkubwa zaidi.

Chupa za plastiki ya polietilini zilowekwe usiku kucha katika asidi ya nitriki iliyozimuliwa, kisha zisuuzwe mara kadhaa kwa maji yaliyosafishwa ya maabara. Zebaki itengewe chupa ya kioo. Beba pia chupa moja ya maji safi ya maabara, uyachuje na kuyatia asidi palepale kisimani kama sampuli nyingine: metali ikionekana humo, imetoka katika vifaa au mikono yako, wala si ardhini.

Usikinge maji ya kwanza, kwa sababu yamelala ndani ya bomba na huenda yamebeba chuma, zinki au risasi ya bomba lenyewe. Endelea kupampu hadi joto, pH (kipimo cha uasidi) na upitishaji wa umeme vitulie, kisha andika vipimo hivyo papo hapo, pamoja na oksijeni iliyoyeyuka na bikaboneti. Vipimo hivi viwili vya mwisho hupuuzwa mara nyingi, nami naviona kuwa ndivyo vinavyoyafanya majibu yaeleweke, kwa kuwa urani huyeyuka kwa wingi penye oksijeni, ikishikamana na kaboneti, na pasipo oksijeni hugeuka umbo lisiloyeyuka kwa urahisi na kubaki mwambani. Radiamu, metali yenye mionzi itokanayo na kuoza kwa urani, haifuati njia hiyo. Yenyewe huelekea kuongezeka katika maji yenye chumvi nyingi au yaliyopungukiwa oksijeni. Kisima chenye urani kidogo, basi, kisidhaniwe kuwa hakina radiamu.

Chuja kwa chujio la mikromita 0.45 kabla ya kutia asidi, kwa maana asidi ikitangulia huyeyusha metali zilizoshikwa na chembe za udongo, na majibu yakapanda bila sababu. Baada ya kuchuja, tia asidi safi ya nitriki hadi pH ishuke chini ya 2, ili metali zisigande kwenye kuta za chupa. Hata hivyo, wanakijiji hawanywi maji yaliyopita katika chujio hilo. Ikiwa swali lako ni usalama wa maji ya kunywa, chukua pia chupa isiyochujwa.

Radoni, inayozaliwa radiamu inapooza, ni gesi yenye mionzi, na nusu yake hutoweka kila baada ya siku 3.8. Jaza chupa ya kioo polepole hadi ifurike, uifunge bila kuacha hata kiputo kimoja, usitie asidi, na uandike saa. Panga safari yako kwa kuifuata sampuli hii. Radiamu-226, ambayo nusu-maisha yake ni miaka 1600 hivi, haina haraka.

Majibu yakirudi, urani hulinganishwa na kikomo cha Shirika la Afya Duniani cha mikrogramu 30 kwa lita, kilichowekwa hasa kwa kuhofia sumu yake kwenye figo kuliko mionzi yake. Risasi na aseniki kila moja ina kikomo cha mikrogramu 10. Kwa mionzi, jumla ya mionzi ya alfa ikizidi bekereli (kizio cha mionzi) 0.5 kwa lita, chunguza kila isotopu, yaani kila aina ya atomu yenye mionzi, peke yake kabla ya kutoa hukumu. Rudia kazi yote kiangazi na masika, kwa sababu ukame hukoleza chumvi na metali na mvua huzizimua, na sampuli ya msimu mmoja haitoshi kufunga kisima ambacho kijiji kizima kinakitegemea.